Kabla Hujashika Karata

Kaa, Khelef. Viatu viache ngazini.
Hapa Limbani tunaanza baada ya isha,
umeme ukiwapo, taa; ukikatika, kandili ya Mbarouk.
Pesa haitui kwenye mkeka huu. Unayo? Ilale mfukoni.
Anayeshindwa huenda kwa Bi Mize kuleta birika la kahawa,
huenda mwenyewe, kwa miguu yake,
hatumi mtoto.

Nasema mara moja tu. Mimi ni fundi charahani,
nimezowea kupima kabla sijakata.

Ukigaiwa, usiinue hata moja
mpaka ya mwisho ianguke.
Haraka ulizozipata Maskati zingoje bandarini.

Mwenzako anakukabili: usimkodolee macho kama unamdai.
Usikohoe ukiwa na ree.
Usikune sikio la kulia kwa shupaza, la kushoto kwa pau;
hayo tuliyafanya sisi, mimi na marehemu Kombo Shaame,
mwaka ule karafuu zilipooza juani kwa mvua,
tukanywa kahawa ya wenzetu wiki nzima,
hata mke wangu akaniuliza:
“Una upele?”

Rangi ikichezwa na unayo, itoe.
Ukikata kwa turufu na rangi umeikalia,
tutajua. Si sasa hivi.
Lakini karata ya mwisho haina pa kujificha.

Ukishinda, iweke chini, usiipigize; mkeka haukukosa kitu.
Na usimwambie mtu “ungelicheza ghulamu.”
Ungeli ni maneno ya njiani, watu wakirudi makwao.
Mtazamaji hana mdomo.
Makonyo yale kwenye kifuu ndiyo hesabu yetu,
usiyachezee.

Na Maalim Faki akikawia, mngoje.
Alitusomesha sote hesabu, skuli ya Utaani,
na saba mara nane ilipotukwama kooni
alikaa juu ya meza, akatungoja.

Nikanyamaza hapo. Moja sikulisema.

Mchezo wa tatu, Khelef kashika uru ya kumi,
akaiinua kwenye taa, akaigeuza.
Mwanga ukapenya kwa matundu mawili, madogo, kwenye pembe.
Akachukua nyengine. Matundu matatu.
“Karata hizi zimetiwa alama!
Nyote mnaona migongoni! Mchezo gani huu?”

Mbarouk akapunguza kandili ambayo haikuwa imewashwa.
Mimi nikatazama kidole changu cha shahada,
kile chenye kovu la sindano.

Nifanyeje? Mfunguo Tatu, mwaka juzi,
Maalim alitoa kopa kwa uru mara nne usiku mmoja,
akacheka, akasema amechoka, akaondoka mapema.
Kesho yake hakuja. Wala kesho kutwa.
Nikazichukua karata dukani, nikafunga mlango,
tundu moja kopa, mawili uru, matatu shupaza,
pau nikaziacha kama zilivyozaliwa.
Namba bado anaziona, akizisogeza puani.
Sikumwambia mtu. Hakuna aliyeniuliza.
Tangu hapo kila mmoja wetu anaweza kusoma
mkono wa mwenziwe kama tangazo la msikitini,
na kila mmoja anatazama
karata zake tu.

Baraza ikawa kimya. Paka akapita katikati.
Maalim Faki alikuwa na karata saba mkononi,
dole gumba lake linatembea polepole pembeni,
moja baada ya moja,
kama mtu anayehesabu tasbihi.

“Matundu?” akasema. “Hao nondo, mwanangu.
Karata za zamani huliwa na nondo.”

Khelef akaitazama tena uru yake.
Matundu mawili, yamenyooka kwa rula.
Nikamwona anapima, kama mimi nipimavyo,
kitambaa kile kile mara mbili.

“Kweli, Maalim,” akasema. “Nondo.”
Akazishusha chini ya kifua, akainamisha uso,
akacheza vibaya sana mpaka mwisho,
kisha akavaa viatu
kwenda kwa Bi Mize.