Mgeni Namba 000213

Sikuwa nakutafuta wewe. Nilikuwa natafuta risiti.
Karani wa mahakama kaniambia
bila namba ya kiwanja mirathi haisogei,
nami nimeshapekua sanduku la bati, foronya, godoro,
hata kadi ya kliniki ya Mbelwa.
Basi usiku, hapa Chumbageni, umeme umerudi saa nne,
nikaandika jina lako kwenye simu
kama mtu anayetupa jiwe kisimani
asikie kama kuna maji.

Likaitika.

SINGANO REDIO SERVISI
Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani, Tanga.
Herufi za manjano juu ya buluu, zinachoma macho.
Kijibwana cha katuni kinachimba kwa sepetu:
"Ukurasa huu unatengenezwa."
Miaka ishirini na miwili kinachimba,
hakijaomba maji, hakijafuta jasho,
na shimo halijaongezeka hata kina cha unyayo.

Kubadili spika, elfu mbili.
Kuunga antena, bure.
"Wenye redio zao wazichukue kabla ya Ramadhani."
Ramadhani ipi, baba?
Kwenye rafu yako bado ziko saba,
kila moja na kikaratasi shingoni:
Mama Semkiwa, haishiki.
Mwalimu wa hesabu, inakoroma.
Moja haina mwenyewe, umeandika tu: nzima.

Na chini kabisa, kwenye kisanduku cheusi:
Wewe ni mgeni namba 000213.

Hapo nikakumbuka. Ijumaa, ukitoka kuswali,
hukuja moja kwa moja kula.
Ulipitia kafe ya intaneti ya yule mgosi, Shekiondo,
aliyekutengenezea ukurasa kwa malipo ya redio kaseti,
na mama akaapa una mwanamke humo ndani.
Nusu saa, shilingi mia tano.
Unarudi wali umepoa, umechangamka:
"Leo wamefika wanane."
Wanane!
Sasa nawajua, hao wanane.
Mtu mmoja na kidole chake.

Pembeni umeweka barua pepe yako,
ya kampuni niliyodhani ilizikwa
pamoja na kadi za kukwangua na vocha za elfu tano.
Nikaandika mstari mmoja:
Baba, kiwanja ni namba ngapi?
Nikangoja irudi. Barua za namna hii hurudi,
na Kizungu kikali kichwani.

Haikurudi.

Imeingia, baba.
Kwenye ghala fulani la nchi nisiyoijua
taa ya kijani imekonyeza,
hakuna anayelipa kodi, hakuna aliyefunga mlango,
na barua yangu imelala juu kabisa
ya matangazo ambayo hakuna aliyeyafungua.

Nikaenda mlangoni kwenyewe. Pakauliza:
Redio yako ya kwanza iliitwaje?
Hodi. Nikaandika Neshino.
Hodi. Nikaandika Filipsi.
Ya tatu nikafumba macho, nikaiona ile ya mbao,
uliyoiita Bibi Harusi kwa kuwa haisemi mpaka ibembelezwe,
nikaiandika kwa herufi ndogo, taratibu,
vidole vinatetemeka kama nimekuja kuiba.

Hodi tatu zisipoitikiwa, mgeni huondoka.
Wewe ndiye uliyenifundisha, na mtambo nao kumbe umefundwa:
Jaribu tena baada ya saa ishirini na nne.

Karani na angoje.
Nikarudi dukani kwako. Kijibwana bado kinachimba.
Nikabonyeza upya: 000214.
Tena: 000215.
Nikabonyeza mpaka 000220,
na Mbelwa akajigeuza kitandani, akauliza
nacheka na nani saa saba ya usiku.

Wateja, nikamwambia.
Leo wamefika wanane.