Barua Chini ya Litmasi

Niliiandika Februari, vumbi la Kayole likiwa juu,
siku Mutuku alipokuja kutuaga
na viatu vipya, kadi za bima mfukoni.
"Kemia," akasema, "inauzika popote."
Tulicheka. Akaniachia kikombe chake kisicho na mkono.

Barua imo kwenye droo ya maabara
chini ya karatasi za litmasi:
aya tatu, adabu tele,
tarehe sijaitia.

Msiniulize kuhusu wito.
Wito haulipi kodi ya nyumba.
Aliyetuhubiria wito alikuwa mgeni wa heshima siku ya zawadi;
gari lake lilinguruma nje muda wote
na chai hakuingoja.
Mimi huu mwaka wa tisa, daraja lile lile,
wanafunzi sabini na wawili, bureti nne,
moja imevunjika ncha, tumeiziba kwa nta.

Na bado saa kumi na moja alfajiri naamka,
natoka gizani kama mdaiwa
anayemtafuta mdai.
Nimejipima kama chumvi isiyojulikana:
nimejitia maji, nimejipasha moto,
nimengoja rangi.
Mashapo hayajatuama.

Huenda ni Kwamboka, jirani yangu wa meza,
aliyenishikia vipindi wiki nzima mwanangu alipolazwa
na hakuandika popote kwamba namdai fadhila.
(Namdai? Ananidai. Tazama nilivyochoka.)
Huenda ni mkuu mpya, Bi. Chelagat,
aliyesimama mlangoni akauliza, "Unahitaji nini?"
Miaka tisa sijaulizwa hivyo.
Nikababaika, nikasema, "Chaki."
Chaki zilikuwapo, boksi zima.

Halafu Jumanne, Wesonga.
Wesonga huuza mayai usiku kandokando ya barabara ya Kangundo,
hulala kwenye kipindi changu, nami humwacha.
Jumanne alikuwa macho.
Tone, tone, mkono hautetemeki,
tone —
chupa nzima ikawa waridi.
"Mwalimu, imegeuka!"
Viti vikakwaruza sakafu, wote wakasimama
kutazama maji yaliyobadili nia.

Akanikodolea macho:
"Ni hili tone la mwisho lililoigeuza,
au ni yale yote yaliyotangulia?"

Mtihani hauulizi hivyo.
Nikamwambia, andika hilo swali,
andika sasa hivi, kabla halijapoa.
Daftari lake lilikuwa limeisha tangu juma lililopita.
Nikavuta droo.
Nikairarua barua chini ya "wako mtiifu,"
pale peupe palipongoja sahihi,
nikampa kipande.

Imebaki aya tatu, adabu tele,
na pa kutia jina hapapo.

Najua, karatasi nyingine zinauzwa dukani, shilingi chache.
Najua pia mshahara wa mwezi huu umechelewa.
Lakini Alhamisi tuna kipindi viwili mfululizo,
na swali lile sijalijibu.