Kila Dirisha ni Deni

Sanduku hili halikuundwa kwa ajili ya mtu.
Makomeo yake yote yako nje;
aliye ndani hana pa kushika.
Hilo ndilo nililoandika kwanza daftarini
siku tulipolishusha Kamulu, kreni ikikohoa,
juu ya udongo mweusi
unaopasuka Januari na kuvimba Aprili.

"Lisiguse ardhi," nikamwambia Masinde.
Akalikalisha juu ya nguzo za zege,
akagonga kila pembe kwa nyundo, akasikiliza.
Pembe nne ndizo zibebazo. Paa ni kofia tu.

Mwenyewe ni Bi Syombua,
miaka ishirini na tisa karani wa bandari kavu, Embakasi,
akigonga mihuri ya makontena
asiyoyaona yakifunguliwa.
Mitumba, mbolea, vigae, mchele:
kwake vyote vilikuwa herufi nne, tarakimu saba.
"Sasa nataka kuingia," alisema,
akanipa hundi ya mafao yake
kama mtu anayelipa kiingilio.

Nilichora usiku, kwa penseli, nikifuta sana.
Nyumba yangu ya kwanza, kule Utawala, ilioka watu;
mpangaji alilala nje kwenye mkeka
na asubuhi hakunisalimu.
Kwa hiyo hapa: paa juu ya paa,
pengo la mkono kati yake, upepo upite.
Sola nne zimeinama kidogo kaskazini.
Mfereji, tangi, mvua ya Aprili iwekewe Septemba.
Choo cha majivu na vumbi la mbao,
kisichodai tone.
Na kwa kuwa chuma hutoka jasho usiku wa Julai,
sufu ya kondoo wa Kinangop ndani ya kuta,
magunia kumi na moja,
yaliyonukia zizi hadi Masinde akaanza kubeua.

Stima? Nguzo ya mwisho iko kilomita mbili.
Bi Syombua ameiona. Hakuiulizia.

Sakafu tuliing'oa. Mbao zake zilinyweshwa sumu
ili wadudu wa nchi moja wasihamie nyingine.
Mchwa wa Kamulu walikuja kutazama, wakarudi.

Kisha madirisha.
Kila dirisha ni deni: mikunjo hii ya bati ni mbavu,
ukikata ubavu, lipa kwa fremu.
Masinde akakata la mashariki,
cheche zikamwagika kama mtama,
akalipa papo hapo, chuma kwa chuma.
La pili nililiweka penye namba.

"Hapo hapana."
Alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa,
miwani puani, midomo ikisoma kimyakimya.
"Uliigonga wewe?" nikamuuliza.
"Pengine. Pengine sikuigonga.
Lakini mnataka kuanza kwa kulifuta jina?"

Nikafuta mimi. Dirisha likasogea magharibi,
jua la saa kumi likaangukia kitanda,
kosa, kwa vipimo vyangu.
Tukatandaza waya, tukapanda mpasheni.
Hadi usambae, atalala mchana na leso usoni.
Amesema haidhuru.

Kazi ya mwisho haikuwa kwenye mchoro.
Masinde alitoboa mlango mzito,
akachomelea mpini upande wa ndani,
kipande cha nondo kilichopindwa,
akakisugua hadi kisikwaruze kiganja.

Bi Syombua akaingia. Akajifungia.
Tulisimama nje, Masinde na mimi,
tukasikia komeo likikaa,
kisha hakuna.
Kuku wa jirani alipita chini ya nyumba
kutoka upande hadi upande.
Masinde akanitazama. Nikatazama saa.

Komeo likalia. Mlango ukafunguka
kutoka kule ambako haukuwahi kufunguliwa,
naye amesimama hapo, vumbi la sufu kwenye nywele,
akinikunjia uso:

"Na sufuria kubwa
uliipangia wapi?"