Nondo Huyu, Nondo Hii

Lebo yangu ya kwanza kule Mlimani
ilirudi kutoka kwa Dokta Rwegoshora na wino mwekundu.
Nilikuwa nimeandika: nondo hii imepatikana Pugu, kwenye taa ya choo.
Akafuta "hii imepatikana". Akaandika "huyu amepatikana".
Nikamwambia, amekauka, ana sindano kifuani.
"Bado ana ukoo," akanijibu, akaenda kunywa chai.

Nyumbani Yombo, kaka yangu Zamoyoni naye ni mtu wa nondo.
Anazikata, anazikunja, anazifunga kwa waya
kwenye nguzo za maghorofa ya Kariakoo.
Jioni tunanawa karai moja,
yeye kutu, mimi vumbi la mabawa.
Mama hucheka: nimezaa wawili, wote wanakula kwa nondo,
na hakuna hata mmoja aliyetunukiwa nondo,
ile ya joho na kofia.

Neno moja, vyumba vitatu vya kupanga,
na wapangaji hawasalimiani.

Kabatini mambo ni kinyume.
Droo ya kumi na nne, harufu ya naftalini:
wawili wamefanana kama sare za shule,
kijivu kwa kijivu, doa kwa doa,
kumbe wameachana kabla Kilimanjaro haujainuka.
Huwajui kwa bawa. Unawajua kwa darubini,
kule kwenye siri zao.
Kufuli na ufunguo, alisema Dokta bila haya,
mimi nikatazama dirishani.

Na nzi wa matunda je? Jina moja tena, koo mbili.
Yule mdogo wa Mabibo, chini ya meza za ndizi,
hungoja tunda lichache, ndipo aje na macho yake mekundu,
mlevi, hana kesi na mtu.
Mwenzake hangoji. Hutoboa embe likingali mtini,
akataga mle mle nyamani;
unanunua dodo lisilo na kovu,
ukifika nyumbani funza wamekutangulia.
Nilimweleza Mwanaidi muuza matunda kwamba hawa si ndugu wa karibu.
"Mwizi wa kuku na mwizi wa benki," akasema,
"rumande wanapewa ugali tofauti?"

Walevi ninawafuga. Chupa arobaini,
uji wa sembe na hamira, kizibo cha pamba.
Kwa joto la Dar, siku kumi, umeshaitwa bibi.
Tangu niajiriwe vimepita vizazi mia mbili.
Mia mbili! Mimi kwetu nafika kwa Mwanamvua,
bibi wa bibi yangu, halafu ukungu.

Asubuhi moja, chupa ya ishirini na sita,
nzi mmoja akanitazama kwa macho meupe.
Hakuna aliyepiga mbiu.
Kosa la mnakili tu, herufi moja,
kama langu kwenye lebo,
ila humu hakuna wino mwekundu.
Kosa likiweza kula na kuzaa, linabaki.
Hata nzi mwenyewe ana mabawa mawili, nondo manne;
ya nyuma ya nzi yalisinyaa siku nyingi
yakawa virungu viwili vidogo
vya kumshikia mizani hewani.
Kilichopungua ndicho kinachomzuia asianguke.

Jumanne Zamoyoni alirudi na kipande cha mfuko wa saruji,
amekikunja kama anabeba kashata.
"Nimekuletea nondo."
Mama akauliza kutoka jikoni: ipi?
"Huyu," akasema kaka yangu, ambaye hajawahi kusahihishwa na mtu.

Rangi ya kutu, mstari mmoja mweupe begani.
Nilipekua droo zote, siku tatu. Hayumo.

Mahali: Kariakoo, ghorofa ya tisa.
Mkusanyaji: Zamoyoni Pazi, fundi.
Maelezo: nondo huyu alikuwa ametulia juu ya nondo hii.
Spishi:

Dokta aliisoma mara mbili.
Akaitoa kalamu yake nyekundu,
akaifikiria,
akaipachika nyuma ya sikio.