Ree Chini ya Bangili

Ofisi yetu iko ghorofa ya tatu, Ourense,
dirisha linatazama maegesho ya magari na mvua.
Nina mioyo arobaini na mmoja mezani pangu.
Wenyewe wako milimani, kila mmoja na ukungu wake,
na bangili nyeusi ya mpira mkononi,
haina urembo ila kitaa cha kijani
kinachochungulia damu usiku kucha.
Mimi huwasikia kwa macho.

Namba kumi na saba ni Obdulia.
Miaka themanini na sita, nyumba ya mawe, kuku sita,
binti mmoja, yuko Basel, ndiye aliyelipia bangili
akamwambia: mama, usiivue hata ukikanda mkate.
Hakuivua. Aliiita "mkwe",
maana, alisema, inakaa kimya na kuhesabu kila kitu.

Wiki tatu sikumtilia shaka.
Sitini na nne akilala, sabini na mbili akilisha kuku.
Halafu Alhamisi moja, saa kumi na moja jioni,
mstari ukaruka kama mbuzi aliyeona upenyo:
mia na ishirini. Mia thelathini na moja.
Hatua: sifuri. Ameketi.
Ukashuka. Ukapanda tena.
Alhamisi ya pili, vivyo hivyo.
Daktari Lourido akakuna kidevu,
akaandika jina refu la ugonjwa
na alama ya kuuliza mwishoni.

Nikapanda mlima na gari la zahanati.
Mlango ulikuwa wazi, hodi yangu haikusikika.
Jikoni, watu wanne na maharage mezani badala ya pesa:
Obdulia, Tareixa asiyesikia, Amaro,
na Eladio, fundi viatu wa zamani,
karata zake kazishika mbali, miwani kaisahau.
Nikamshika Obdulia mkono nimpime.
Chini ya mpira, upande wa kifungo,
imepinda kidogo, ina joto la ngozi:
ree ya uru.

Siri ya mtungi aijuaye kata.
Nilitazama ree, naye akanitazama mimi.
Mia thelathini na nne.
"Bangili imelegea," nikasema,
nikaikaza, na ree yake humo humo.
Katika ripoti niliandika: mazoezi mepesi,
mara moja kwa wiki, yanamfaa.

Miezi saba, kila Alhamisi,
niliweka kahawa chini nikamtazama akiiba.
Mia na kumi: anavizia.
Mia ishirini na nane: ameichomoa.
Sabini na tano: amekula.

Kisha Februari.
Saa kumi na moja, sitini na sita.
Na nusu, sitini na sita.
Mstari umelala kama uzi ulioanguka sakafuni.
Kompyuta ikaupaka kijani, ikaandika: hali njema.

Nikapiga simu.
"Hamchezi leo?"
"Tunacheza. Watatu."
Nikasikia kijiko kikizunguka kikombeni, muda mrefu.
"Eladio tumemzika Jumanne."

Nikasema pole. Neno dogo, lakini ndilo nililokuwa nalo.

"Alijua," akasema.
"Amaro ndiye ameniambia, juzi, makaburini.
Miaka yote. Kila nilipogusa mkono
yeye aligeukia dirishani, eti anatazama mvua.
Sasa nimuibie nani? Hawa wawili
hata hawaangalii."

Sitini na sita. Kijani. Hali njema.
Kwenye fomu kuna kisanduku cha maoni,
kinaruhusu herufi themanini tu.
Nilikiacha kitupu.

"Obdulia," nikasema, "Alhamisi zamu yangu inaisha mchana.
Karata naijua, si sana.
Mnahitaji mtu wa nne?"

Kijiko kikasimama.
Hakujibu.
Sabini na moja.
Sabini na nane.
Tisini.