Kabati la Mahakama, Wete

Ufunguo ninao mie.
Kabati la chuma, rangi ya majivu,
mlango wake umebonyea tangu lilipohamishwa kwa gari la punda.
Ndani mna pasipoti kumi na moja,
kila moja na bahasha yake, kila bahasha na nambari ya kesi.
Nikilifungua hunukia gundi na karatasi kongwe,
na harufu nyengine nisiyoijua jina,
labda ya watu waliotulizwa.

Katiba naijua kwa vidole, naichapa kila wakili akileta hoja:
*Uhuru wa mtu kwenda atakako.*
Maneno matano, hayana kona.
Kisha kifungu kinashusha pumzi, kinateremka mstari,
na mambo ya *isipokuwa* yanaanza.
Mkate wangu mie unatoka huko chini.

Bi Mgeni Faki wa Jadida
alikuwa mshika fedha wa kikundi cha kukopeshana.
Sanduku moja, kufuli tatu, wanawake watatu.
Fedha zilipopotea
funguo mbili zikasahau kila kitu.
Dhamana alipewa, na masharti niliyaandika mwenyewe:
pasipoti iwekwe mahakamani,
asivuke nje ya Pemba ila kwa ruhusa ya maandishi.
*Mgeni asitoke*, nilichapa,
nikaitazama sentensi ile mpaka chai ikapoa.

Mwezi wa Rajabu akaleta ombi.
Dada yake yuko Mnazi Mmoja, sukari imefika mguuni,
Jumatano wanaukata.
"Sendi kuwasaidia kukata," alimwambia hakimu.
"Nataka akiamka anione."

Mwendesha mashtaka akasimama, akamtaja Shaame Kombo,
aliyeomba wiki moja akazike Tanga
na hadi leo anazika.
Hilo kweli. Mdhamini wake namjua, mwalimu mstaafu wa Konde;
kila mwisho wa mwezi huja na noti zilizokunjwa mara nne,
hulipa, huchukua risiti, salamu haitoi.
Hana shtaka lolote yule mzee,
ila nauli ya kwenda popote imekwisha kwenye risiti zangu.

Hakimu akaitafuna kalamu.
"Siku tatu," akasema. "Unguja tu."
Wahenga walimpa mgeni siku mbili, ya tatu wakampa jembe.
Huyu ya tatu tulimpa meli ya kurudi.

Siku ya tatu, saa nane na nusu,
yuko dirishani pangu, buibui lina chumvi,
tiketi iliyochanwa kaishika kwa ncha za vidole.
"Andika nimerudi."
Nikaandika. Nikauliza, japo si kazi yangu:
"Dada?"
"Kaamka. Hakuuliza mguu. Kauliza, nani kakuachia?"
"Ukamjibuje?"
"Nikamwonesha karatasi yako. Kaisoma mpaka kwenye muhuri,
akacheka, akalala."

Jioni nilifunga, nikenda zangu.
Mie sina kesi, sina mdhamini, sina sharti.
Pasipoti yangu iko chini ya godoro,
kurasa zote nyeupe, miezi miwili ife.
Nilikata nikiwa kijana, kwa safari niliyoisema sana.
Hakimu gani alinizuia? Hakuna.
Nilikaa kitandani nalo lile neno, *atakako*,
nikalikata vipande kama mtoto wa chuoni:
a-taka-ko.
Ya kati ndiyo iliyonishinda.

Kesi imeahirishwa tena.
Bahasha yake ni ya nne kutoka juu.