Fyuzi ya Kiwashio

Kona ya tatu kutoka Ushguli taa zikafa,
zote mbili, bila kuaga.
Theluji ikaendelea kuanguka, haionekani.
Tsiala akavuta breki ya mkono, akatamka neno
asilolisema mbele ya wajukuu.

Akapiga magoti nje, simu kaibana kwa meno immulikie,
akafungua kifuniko chini ya usukani,
akang'oa kwa kibano cha nyusi
kiplastiki cha buluu, kumi na tano, kama kidonge.
Akakiinua kwenye mwanga.
Ndani ya fyuzi mna uzi,
na uzi umekatika, ncha zake nyeusi;
umekufa wenyewe nyaya zisiungue.

Shemeji yake Jumberi angezungushia
karatasi inayong'aa ya pakiti ya sigara,
akaondoka akipiga mluzi.
Ndivyo ilivyoteketea Niva yake ya kwanza.

Za akiba hakuna. Akasoma mchoro kwa kidole:
waipa, hapana. Hita, Mungu apishe mbali.
Kiwashio cha sigara:
kumi na tano, buluu, uzi mzima.

Miaka miwili hakuna aliyekibonyeza.
Kabla ya hapo kilibonyezwa kila kona ya njia hii,
na dirisha likashushwa nusu, hata kwa baridi kama hii,
kwa ajili yake, aliyechukia moshi.

Akaivuta. Ikagoma kidogo.
Akaipachika kwenye tundu jingine, ikalia tik,
na theluji ikatokea mbele ya gari, tele,
ikimjia usoni.